Mtani Wako Huko Maskati Atakuwa Nani

Buswelu, usiku wa kuamkia safari yako

Minza mwanangu,

Marahaba. Najua hata ukikuta karatasi tu utaanza na shikamoo, ndivyo mama yako alivyokulea, kwa hiyo nimekujibu kabla hujasema. Barua hii nimeichomeka chini kabisa ya begi, kati ya kanga zako, mahali ambapo mama yako amemaliza kupanga na hatafukua tena. Ukiikuta Dar es Salaam kabla ya ndege ya pili, basi umefungua begi mapema, unatafuta zile karanga. Ukiikuta Maskati, ndivyo nilivyotaka.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za kunywa maji mengi, wala za kutokubeba mzigo wa mtu usiyemjua. Hayo mama yako ameyasema mpaka majirani wameyakariri. Mwandiko wangu pia uuvumilie. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu ya ng'ombe wa baba, na wale ng'ombe hawakuwahi kunishukuru.

Nakuandikia kwa sababu juzi, tulipokuwa tunakula, uliniuliza swali nikakujibu kihuni. Ulisema, "Baba, pale hotelini kwenu watu walikuwa wanakaa mpaka wanazeeka na sare. Ulikuwa unawafanyaje?" Nikasema nilikuwa nawafungia geti. Mama yako akacheka, binamu zako wakacheka. Wewe ukanitazama vile unavyotazama kitanda kilichotandikwa ovyo. Ukasema taratibu, "Mimi sitanii, baba. Naenda kusimamia wafanyakazi wa hoteli, Wafilipino, Wanepali, Wahindi, Waethiopia. Aliyekuwepo kabla yangu watu walimkimbia mpaka akakimbia yeye." Nikakwambia ongeza mchuzi.

Nilikuwa nimeogopa, ndiyo maana. Halafu jana mama yako akaniambia jambo ambalo limeninyima usingizi, na mimi, kama unavyojua, usingizi sijawahi kukosa hata siku ya harusi yangu. Aliniambia kwamba mpaka leo, na umri huo, unaamini Mama Nyabwire aliondoka hotelini kwa sababu ya kile kitambaa cha meza ulichokiunguza kwa pasi.

Kumbe umekibeba hicho kitambaa miaka yote. Mbona hukusema? Swali baya hilo, najijibu mwenyewe. Ulisema. Ulikuwa bado unapoteza meno ya utotoni, ukaniuliza, "Baba, Mama Nyabwire yuko wapi?" Nikakwambia amemezwa na kambale. Ukalia, nikadhani unamlilia yeye.

Sasa kaa nikueleze, na safari hii sitaweka kambale.

Pale hotelini, pale juu ya mawe, ziwa likiwa chini yetu na korongo wakituibia samaki mlangoni mwa jiko, mimi nilianza kuosha vyombo, nikawa mhudumu wa meza, mwisho nikapewa tai na kuitwa mkuu wa wahudumu. Tai ilinipendeza. Mama Nyabwire alikuwa mkuu wa dobi. Mjita yule, mikono mikubwa, sauti ndogo. Jumamosi nilikuwa nakupeleka kwake kwa kuwa mama yako alikuwa sokoni, naye akakufundisha kukunja foronya mpaka kona zinakutana. Mpaka leo unakunja kama yeye. Juzi nilikuona unakunja nguo zako za safari, nikatoka nje kujifanya naangalia kuku.

Jikoni alikuwepo Kibwana. Huyo unamkumbuka, hakuna anayemsahau. Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Mwanza na mapishi na akazuiwa na mwanamke. Mimi Msukuma, yeye Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Wewe wa siku hizi unadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Utani wetu sisi umeanza na mababu waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakigombana njiani na kulishana njiani, mpaka wakakubaliana kwamba hawa watatukanana bila kukasirikiana, na siku ya kifo watazikana. Ndiyo ruhusa aliyokuwa nayo Kibwana ya kuniita mchunga ng'ombe aliyepotea njia akaingia hotelini. Asubuhi nilikuwa napita jikoni, nasema, "Mzaramo, umeamka au bado umekufa?" Naye, bila kugeuka, "Nimeamka, nilisikia harufu ya zizi." Siku ilikuwa haijaanza mpaka tumesemana hivyo.

Nakwambia haya kwa sababu yana kazi mbele.

Meneja wetu alikuwa Mholanzi, Bwana Ruben. Mtu mzuri, usinielewe vibaya. Alijua Kiswahili cha darasani, kimenyooka kama rula, akila alikula na sisi, mshahara hauchelewi. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba alitupenda kabla hajatujua. Alikuwa na haraka ya kutupenda.

Babu yako alipofariki tulimzika Buhongwa. Bwana Ruben akaja na suti nyeusi kwenye lile jua, amesimama pembeni anatiririka jasho kama birika. Jeneza linataka kutoka ndani, Kibwana huyo, amejilaza mlangoni na kofia yake ya mpishi kichwani. "Haondoki," anasema. "Huyu mzee alikula sinia langu la pilau Idi iliyopita. Mnawahi kumzika ili deni lipotee? Wasukuma nawajua." Shangazi zako wakambembeleza. Akakataa. Wakamletea jogoo. Akamkagua jogoo miguu, akasema amekonda kuliko marehemu. Halafu akasimama akaanza kutembea mwendo wa babu yako, ule wa mguu wa kushoto kuchelewa, anafukuza ng'ombe asiyekuwepo, anamtukana yule ng'ombe kwa sauti ya babu yako hasa. Minza, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipokaa chini ndipo nikalia. Nilikuwa sijalia tangu hospitali. Kibwana akaniona, akachukua jogoo wake, akatuachia njia.

Tukirudi mjini kwenye pikapu ya hoteli, Bwana Ruben akaniuliza.

"Maduhu, yule si rafiki yako?"

"Rafiki sana, Bwana."

"Mbona amemtukana baba yako siku ya mazishi?"

Ungekuwa wewe ungemweleza. Mimi nilikuwa nimechoka, vumbi limenijaa mdomoni, na kueleza utani kwa mtu wa mbali ni kazi ya siku nzima. Isitoshe nilitaka kuona uso wake ukibadilika. Nikamwambia, "Hapa kwetu, Bwana, ukimpenda mtu unamtania msibani."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi nikaegemea dirisha nikasinzia.

Hazikupita siku nyingi mama yake Mama Nyabwire akafariki, kule Kirumba walikokuwa wanaishi, nyumba ile ya kupanda mawe. Wewe hukuja, tulikuacha kwa jirani. Tulikwenda wafanyakazi karibu wote. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, Mama Nyabwire katikati amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba. Bwana Ruben akaingia na maua. Akapewa kiti, akakataa, akachuchumaa mbele ya mkeka, nami nikaona anajiandaa, anakohoa kidogo, anatabasamu. Nikajua. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nilikuwa mbali, nimebanwa kati ya mabenchi, na hata ningekuwa karibu sijui ningemziba mdomo kwa kitu gani.

Akasema, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama Nyabwire, nasikia mama yako ameondoka kwa sababu alichoka kula chakula chako."

Akacheka. Alicheka peke yake. Waliokuwa wanalia wakanyamaza, na huko nje ukasikia mtu anapasua kuni, kisha naye akaacha.

Mama Nyabwire akamtazama, akasema, "Asante, Bwana, kwa kuja."

Hivyo tu. Garini Bwana Ruben akaniambia, "Nadhani amefarijika." Nami nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Lile neno, Minza, ndilo nataka ulitazame vizuri, maana utalisikia sana huko uendako, kwa lugha ambazo hata sizijui. Kuna ndiyo ya kukubali na kuna ndiyo ya kufunga mlango. Mama Nyabwire alisema asante ya kufunga mlango. Mimi nikasema ndiyo ya kufunga mlango. Mholanzi wa watu katikati, anadhani milango yote iko wazi.

Msiba ulipokwisha Mama Nyabwire alirudi kazini, akafua, akapiga pasi kila kitu kilichokuwepo, halafu asubuhi moja tukakuta sare yake juu ya meza ya dobi, imekunjwa kona kwa kona. Hakuaga mtu. Kwetu huku mtu hagombani na mkubwa wake usoni. Mholanzi akikasirika anasema, anapiga meza, kesho mnakunywa chai. Sisi tukikasirika tunakunja sare. Baada yake akaondoka dada wa mapokezi, kisha wahudumu wa vyumba, kisha kijana wangu bora kabisa wa mezani. Kila mmoja na sababu yake nzuri ya kuagana: mama anaumwa, shamba limekosa mtu, amepata kazi kwa mjomba Geita. Mjomba huyo alikuwa na wapwa wengi ghafla.

Bwana Ruben akahangaika. Akaongeza mshahara kidogo, watu wakashukuru, wakaendelea kuondoka. Akatundika sanduku la maoni, likajaa karatasi za kumsifu, nyingine zina maua yamechorwa. Akaweka ukutani picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Wa kwanza alikuwa Nyanzala wa vyumbani, binti wa Magu. Asubuhi yake picha haipo. Tukasema imeibwa. Kumbe Nyanzala mwenyewe ameing'oa akaificha kwenye kabati la mashuka, anaogopa wenzake watamsema kwamba amejipeleka mbele. Na huyohuyo Nyanzala alikuwa ameambiwa aache kuinama na kushusha macho akimsalimia mgeni, asimame wima amtazame mtu usoni, ndiyo huduma ya kisasa. Akaniambia, "Baba Minza, namtazamaje mzee wa watu machoni kama nimemkamata anaiba?" Alijitahidi. Alikuwa anasalimia wageni amekaza shingo kama askari, halafu anakwenda stoo kulia. Mimi niliona yote hayo, na tai yangu shingoni, nikanyamaza. Niliona ni mambo ya Bwana Ruben. Mkuu wa wahudumu, na wahudumu wananiishia mikononi, nami nahesabu vijiko.

Aliyenivua nguo ni Kibwana.

Tulikuwa tunakula mchana, wale tuliobaki, Bwana Ruben hayupo. Kibwana akaweka sufuria ya ugali katikati, akashika mwiko akauelekeza kwangu.

"Msukuma, wewe ulimwambia nini Mzungu, siku ile Buhongwa?"

"Nilimwambia nini kuhusu nini?"

"Aliniuliza mimi jana, anataka kujua msiba ujao amtanie vipi mpishi msaidizi. Anasema Maduhu alimfundisha. Yaani wewe huwezi kumfundisha ng'ombe wako kugeuka kushoto, umepata Mzungu mzima umemwelekeza shimoni, halafu umekaa unakula ugali wangu."

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na jicho. Wakati ule ndipo walipojua lilikotoka lile neno la Kirumba. Nikataka kujitetea. Kibwana akasema, "Kula kwanza, utajitetea umeshiba. Ukishamaliza, vua hiyo tai uende ukamwambie. Usipokwenda, na mimi nakunja kofia, na nakwambia sababu yangu haitakuwa mjomba wa Geita."

Hakuna mwingine pale ambaye angeweza kuniambia. Wahudumu wangu waliniogopa kidogo na kunipenda kidogo, na vyote viwili vilikuwa vinawaziba mdomo. Kibwana alikuwa na ruhusa. Hilo ndilo jibu la swali lako la juzi, au nusu yake. Uliniuliza nilikuwa nawafanyaje watu wakakaa. Walikaa kwa sababu palikuwa na mtu mmoja jikoni mwenye haki ya kunitukana mbele yao, nami sikuwa na haki ya kukasirika. Walikuwa wakimwona Kibwana ananisema, wanajua yanayowauma yana njia ya kupita.

Nikaenda kwa Bwana Ruben nikamweleza utani, wote, tangu wapagazi wa zamani. Uso ulimwiva mpaka masikio. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Nikamwambia kwa sababu hujatupa mtani. Ulituuliza wote kwa pamoja, kwa sanduku. Hukumuuliza mtu mmoja, jikoni, huku unamenya vitunguu.

Basi tukaenda Kirumba, mimi na yeye. Njiani amejiandalia hotuba, midomo inamcheza. Nikamwambia aimeze. "Tukifika utakaa. Hapa kwetu, Bwana, hivyo tu ndivyo tunavyofanya, tunakwenda tunakaa." Akaniuliza kwa muda gani. Nikamwambia mpaka wao wachoke, wewe usichoke kwanza.

Mama Nyabwire alitukaribisha. Hakushangaa wala hakununa, alitandika mkeka. Alikuwa na dada yake na majirani, wanachambua mchele kwenye nyungo. Bwana Ruben akakaa, yale magoti yake marefu yamekosa pa kwenda. Akasema pole, akanyamaza. Alinyamaza vizuri, lazima niseme. Baada ya muda yule dada, bila kumtazama, akamsogezea ungo. Akaanza kuchambua. Alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe. Majirani wanaona, hakuna anayesema, wanabanana mbavu tu. Jua likazunguka kutoka mlangoni mpaka ukutani. Mwishowe Mama Nyabwire akavuta ule ungo taratibu kutoka magotini mwake, akasema, "Acha, Bwana, tutavunjika meno." Dada yake akacheka, majirani wakacheka, Bwana Ruben akacheka wa mwisho, kwa adabu, safari hii akisubiri wenzake watangulie.

Mama Nyabwire hakurudi kazini. Nisikudanganye kwa kukuwekea mwisho mtamu. Alisema ameshaanza kufua mwenyewe pale nyumbani, wateja wanapanda mawe wanamfuata, na hana sababu ya kushuka tena. Lakini alikuwa anasali na nusu ya wafanyakazi wetu, na Jumapili ile sijui alisema nini huko kanisani. Nyanzala alikuwa tayari ameshakunja sare. Jumatatu nikamwona nayo mwilini, ina mistari ya kukunjwa. Akaja akanisalimia, akainama, akashusha macho. Bwana Ruben alikuwa amesimama palepale. Akaitikia, "Marahaba," na hakumnyoosha shingo.

Sasa kile kitambaa chako.

Siku ile Kirumba, tukiwa tunaaga, Mama Nyabwire alinishika mkono akanivuta pembeni. Akasema, "Yule mtoto wako hajambo? Alihuzunika sana na kile kitambaa. Mwambie nilikata pale palipoungua, nikatoa vitambaa vya mkono, vimetoka vizuri kuliko kitambaa chenyewe. Mwambie aje anifundishe Kiingereza, mimi nitamfundisha pasi." Nikasema nitakwambia. Niliposhuka mlima nilikuwa tayari najua sitakwambia, maana ningekwambia nilimwona, ungeuliza nilikwenda kufanya nini, na wewe ukianza kuuliza huwa huishi. Nikaona kambale ni rahisi zaidi. Salamu hizo nimezikalia mpaka umekuwa mwanamke mwenye begi la safari.

Nimekuletea sasa. Alishafariki, unajua, tulikwenda wote kumzika, na uliweka shada la maua ukakimbilia garini. Nilidhani ni jua.

Nimesikia kwa wenzako wa pale hotelini ulikokuwa mjini kwamba msichana akiunguza shuka unamkinga, unasema ni pasi mbovu, unalipia mwenyewe. Wanakupenda kwa hilo. Lakini ulikuwa unalipia la kwako. Lifute. Huko uendako mkinge mtu kwa sababu anastahili kukingwa, na akikosea mwambie amekosea, mkate naye kile kitambaa mtoe vitambaa vya mkono.

Na jua jambo hili, halitakupendeza. Huko Maskati, Bwana Ruben ni wewe. Utafika na moyo wako mzuri na Kiingereza chako kilichonyooka, una haraka ya kuwapenda. Utaona Mfilipino anacheka, utadhani amefurahi, kumbe ameaibika. Mhindi atatikisa kichwa huku na huku, utadhani anakataa, kumbe anakubali. Tulikuwa na mpishi Mhindi, niligombana naye wiki nzima kwa ajili ya kichwa hicho. Mnepali atakwambia ndiyo, na wewe utaona mlango uko wazi. Na patatokea Maduhu wa pale, mzee mwenye tai, amechoka, atakujibu kwa mkato ili asinzie garini. Usimwamini. Yaani mwamini, lakini kamuulize na mwingine, mkiwa mnakunja foronya.

Tena usijifanye mtani wa watu kabla hawajakupa utani. Wewe umerithi mdomo wangu, mama yako analalamika kila siku. Ufunge kwanza. Kaa. Watakapoanza wao kukucheka, hata kwa namna unavyotamka majina yao, kaa palepale ucheke nao. Nitakuwa na amani siku utakayonipigia simu kuniambia kuna mtu huko amekutukana vizuri. Usinitumie picha za jengo, majengo nimeyaona. Niambie jina la huyo mtu.

Nimesikia geti, mama yako anatoka kuhakikisha yule mwenye bajaji wa kukupeleka uwanjani hajasahau. Hajasahau. Mimi ndiye natamani angesahau. Kuku wako nitawalisha, sahani yako ya bluu nimeiweka juu ya kabati ili asiitumie mtu, na ukimya wa nyumba hii kuanzia kesho sijui nitauweka wapi.

Jambo la mwisho. Leo mchana, ulipokuwa kwa msusi, Kibwana alinipigia kutoka Kisarawe. Nywele zimekwisha, meno yamekwisha, matusi bado yapo. Nikamwambia Minza anaondoka kesho, anakwenda mbali, na mimi umri huu ndio huu. Akasema, "Wewe Msukuma ukifa nipigieni simu haraka. Nitakuja na nauli ya kuazima, nitalala juu ya hilo kaburi, na sitaki jogoo safari hii. Hawafukii hata koleo moja mpaka mtoto ashuke kwenye ndege."

Basi usiwe na wasiwasi wa kuchelewa, mwanangu. Nafasi yako imeshikwa. Ila ukiitwa, njoo mbio, kwa sababu Kibwana ni mzee sasa, na jua la Buhongwa unalijua, na Mzaramo yule hatanyanyuka hata umwage maji mpaka akuone.

Ni mimi, mchunga ng'ombe aliyepotea njia,

baba yako